Vim: Programu ya Bure Yenye Jina la Kibaale

Mara ya kwanza nilipoifungua Vim, programu ya kuandikia maandishi na msimbo wa kompyuta, ilikuwa kwenye mashine ya kuazima. Nilikuwa na hadithi fupi kichwani, nikaogopa isije ikanitoroka. Kioo kikaja na mistari michache katikati, na mmojawapo uliomba watu wawasaidie watoto maskini wa Uganda. Nikaanza kuchapa. Herufi hazikutokea! Mashine ikalia tu, pip, pip.

"Bonyeza kwanza i, bwana," mshikaji wangu akacheka.

Nikabonyeza, hadithi ikaandikika. Lakini ule mstari wa Uganda ulinikaa rohoni. Kusema kweli uliniuma. Nikajisemea: hata humu ndani ya kompyuta, jamani, sisi ni watoto maskini tu? Nikaamua kutafuta chanzo chake. Kumbe kina historia ndefu.

Tuanze mbali. Mwaka 1969, kwenye maabara za Bell huko Marekani, Ken Thompson aliandika programu iliyoitwa ed. Siku hizo watu wengi waliwasiliana na kompyuta kwa mashine za kupiga chapa kwenye karatasi, si kwa kioo. Kwa hiyo ed ilishughulika na mstari mmoja mmoja: unautaja kwa namba, unatoa amri, inatekeleza kimya kimya. Ukikosea, inakujibu kwa alama ya kuuliza, basi. Kosa ni lipi? Utajua mwenyewe.

Mwaka 1976 Bill Joy, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, akaandika vi. Sasa mwandishi aliweza kuona ukurasa mzima kwenye kioo na kutembea ndani yake. Lakini Joy alikuwa akifanya kazi kwa modemu iliyopitisha herufi 30 hivi kwa sekunde. Kwa mwendo huo wa kobe, kila herufi ni gharama, ndiyo maana amri za vi ni fupi mno, nyingi ni herufi moja tu. Na kibodi yake, ya mashine iitwayo ADM-3A, ilikuwa na mishale iliyochorwa juu ya vitufe vya H, J, K na L. Mpaka leo watumiaji wa Vim huenda kushoto, chini, juu na kulia kwa herufi hizohizo. Ule ugumu ulionitoa jasho haukuwa majivuno ya mtu. Ulitokana na uhaba.

Jambo jingine: ukiifungua, inakuweka kwenye hali ya amri, si ya kuandika. Yaani inachukulia kwamba kazi yako kubwa ni kufuta, kuhamisha na kurekebisha. Wewe unayetaka kuwa mwandishi, hilo lifikirie vizuri.

Hata hivyo vi haikuwa mali ya kila mtu. Ndani yake mlikuwa na msimbo wa ed, na huo ulikuwa wa kampuni ya AT&T. Bila leseni, hupewi. Basi watu wakaamua kutengeneza zao zinazofanana nayo. Mwaka 1987 Tim Thompson aliandika moja kwa ajili ya kompyuta za Atari ST, akaiita Stevie, akawaachia wenzake. Wengine wakaihamishia kwenye Amiga. Mwaka 1988 Mholanzi mmoja, Bram Moolenaar, alikuwa na Amiga lakini hakuwa na vi. Akaichukua Stevie, akaanza kuikarabati usiku na mchana. Matokeo yake ndiyo Vim, jina ambalo mwanzoni lilimaanisha mwigo wa vi. Umma uliipata mwaka 1991. Mwaka uliofuata ikaingia kwenye kompyuta za Unix, na baadaye maana ya jina ikageuka: sasa ikawa vi iliyoboreshwa.

Halafu ndipo inapoingia Uganda. Mwaka 1994 Moolenaar alikwenda kujitolea kwa mwaka mmoja Kibaale, mji mdogo wa wilaya ya Rakai, kusini, karibu na mpaka wa Tanzania. UKIMWI ulikuwa umeipiga Rakai vibaya sana, na yatima walikuwa wengi. Yeye alifanya kazi ya maji na usafi kwenye kituo cha watoto. Aliporudi Uholanzi alianzisha shirika la kuwachangia karo na matibabu, na kwenye leseni ya Vim akaandika masharti ya ajabu kidogo: itumie, inakili, mpe umtakaye, hudaiwi senti. Ila ukiona imekufaa, wakumbuke watoto wa Kibaale. Huko Canada nako shirika lililoshughulika na wafadhili wa watoto hao lilijiita Kuwasha. Neno letu kabisa.

Programu nayo haikulala. Toleo la 3.0 la mwaka 1994 liligawa kioo madirisha. La 5.0, mwaka 1998, likaupaka msimbo rangi ili jicho lione kosa upesi. La 7.0, mwaka 2006, likaleta ukaguzi wa tahajia na uwezo wa kuyarudisha maandishi yalivyokuwa dakika kumi zilizopita. Nani kati yetu hajawahi kufuta aya nzuri akajuta?

Ugomvi pia ulikuwepo. Mwaka 2014 Thiago de Arruda aliona marekebisho yake hayapokelewi, akachukua msimbo na kuanzisha Neovim. Leseni ilimruhusu. Ushindani ukasaidia: mwaka 2016 Vim 8.0 ikaleta uwezo kama ule aliokuwa akiudai. Lakini waliojitenga hawakuufuta ule ujumbe wa Uganda. Waliondoka nao.

Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na miaka 62. Wenzake, wakiongozwa na Christian Brabandt, waliendelea na kazi, na Januari 2024 wakatoa toleo la 9.1 wakalitolea kwa kumbukumbu yake.

Je, kile kichomi changu kimepona? Nusu. Sasa najua kwamba aliyeandika mstari ule alikuja, akaishi, akashughulikia maji ya watu. Lakini bado inabaki kwamba mamilioni ya watu wameisoma Kibaale kwa maneno ya mgeni, mstari mmoja, na neno kubwa humo ni umaskini. Wa Kibaale wenyewe wangeandika nini? Na wa Manzese, na wa Kariobangi? Msimbo uko wazi, hauulizi pasipoti. Hadithi nazo hazina leseni ya AT&T. Moolenaar alikosa kitu, akachukua kilichokuwepo, akakirekebisha kwa miaka zaidi ya thelathini, na kila mara akakirudisha kwa watu.

Basi ukiipata Vim, andika :help uganda usome mwenyewe. Kisha toka humo, fungua faili jipya, bonyeza i.