Kupenya kizuizi: urani ya Lualaba na mashimo meusi

Kupenya kizuizi ni tukio la fizikia ya kwanta ambamo chembe huvuka ukuta wa nishati ambao, kwa kanuni za Newton, isingeweza kuuvuka kamwe. Asili yake inahusiana na kanuni ya kutokuwa na uhakika, iliyoelezwa na Werner Heisenberg mwaka 1927: mahali na mwendo wa chembe havipatikani vyote viwili kwa usahihi kamili, hivyo chembe iliyofungiwa katika kiini cha atomu ina uwezekano, ingawa mdogo mno, wa kukutwa nje.

Katika ukanda wa shaba wa Lualaba, unaotoka Kolwezi na kupita Fungurume katika eneo la Lubudi, tukio hili limo ndani ya mawe. Machimbo ya Musonoi, jirani na Kolwezi, ndiyo yaliyotoa gileminiti, madini ya urani na seleni yaliyoelezwa mwaka 1965, ambayo hutanda juu ya jiwe kama utando wa manjano. Urani-238 iliyomo humo hurusha chembe ya alfa yenye nishati ya elektronivolti milioni 4.2 hivi, ilhali ukuta unaoizuia unazidi milioni 20. George Gamow, na kwa upande wao Ronald Gurney na Edward Condon, walionyesha mwaka 1928 kwamba chembe hiyo huupenya ukuta badala ya kuupanda. Saa ya atomu moja kuoza haitabiriki, lakini baada ya miaka bilioni 4.5 nusu ya atomu zote huwa zimeoza. Kila atomu iliyomaliza mfululizo wa kuoza huacha risasi-206, na kwa uwiano wa urani na risasi wanajiolojia wamekadiria madini ya Shinkolobwe, upande wa Likasi, kuwa na umri wa miaka milioni 650 hivi.

Mwaka 1974 Stephen Hawking alionyesha kwamba shimo jeusi nalo hutoa mnururisho, na mwaka 2000 Maulik Parikh na Frank Wilczek wakauhesabu kama kupenya upeo wa shimo, yaani mpaka usioruhusu hata mwanga kutoka. Tofauti ya shimo jeusi na jiwe iko kwenye kumbukumbu: jiwe hutunza risasi inayoeleza umri wake, lakini mnururisho, kwa hesabu ya Hawking, ni joto tupu lisiloeleza kilichomezwa, ilhali kanuni za kwanta hazikubali habari ipotee. Don Page alionyesha mwaka 1993 jinsi habari hiyo ingepaswa kurudi, na hesabu za mwaka 2019 zimeupata mwenendo huo, bila kubainisha inavyotoka chembe kwa chembe.