Sungura Aliyetangulia: Thamani ya Katuni Moja ya 1938

Historia ya sinema hukubali kwa kawaida kwamba Bugs Bunny alizaliwa rasmi tarehe 27 Julai 1940, katika A Wild Hare, filamu ya katuni iliyoongozwa na Tex Avery. Lakini alitanguliwa na sungura mwingine, mweupe na mkorofi, aliyetokea tarehe 30 Aprili 1938 katika Porky's Hare Hunt. Filamu hiyo huhesabiwa miongoni mwa kazi dhaifu za mfululizo wa Looney Tunes. Hata hivyo yastahili kutazamwa upya, kwani udhaifu wake una mafunzo.

Mwaka 1937 Avery alikuwa ametengeneza Porky's Duck Hunt, ambamo nguruwe Porky anakwenda kuwinda na kuchezewa na bata ambaye baadaye aliitwa Daffy. Mwaka uliofuata, katika studio ileile ya Leon Schlesinger, Ben Hardaway alilichukua umbo la kisa hicho, akamwondoa bata na kumweka sungura. Tabia haikubadilika: sungura anarukaruka na kucheka kicheko cha kichaa kwa sauti ya Mel Blanc. Ni bata aliyevikwa masikio marefu.

Pamoja na hayo, mbegu zimo. Sungura anamwuliza Porky kama ana kibali cha kuwinda. Kibali kinapotolewa, anakichana na kumwambia kwamba sasa hanacho tena. Anatangaza vita kwa maneno yaliyokwisha kuzoeleka kinywani mwa Groucho Marx, maneno ambayo Bugs Bunny aliyarithi. Kasoro inadhihirika mwishoni. Porky amelazwa hospitalini, na sungura anakuja kumtembelea, kumbe ni kumwongezea maumivu. Aliyeshinda anamtesa aliyekwisha kushindwa.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi atalitambua kosa hilo upesi. Katika ngano za Kiswahili, sungura hupendwa kwa kuwa ni mdogo mbele ya simba na fisi; hila ni silaha ya mnyonge, na msikilizaji humsamehe mengi kwa sababu hiyo. Wataalamu wengi wameonyesha kwamba ngano za namna hii zilivuka Atlantiki pamoja na watumwa, zikachangia visa vya Brer Rabbit huko Marekani. Si lazima kudai kwamba Hardaway alichota katika kisima hicho. Ulinganisho wenyewe watosha kuonyesha alichokosa. Avery alimpa sungura wake utulivu: anatafuna karoti huku bunduki ya Elmer Fudd imemwelekea. Baadaye Chuck Jones alilifanya jambo hili kuwa kanuni: sungura asichokoze kabla ya kuchokozwa.

Kwa hiyo kazi dhaifu huonyesha kile ambacho kazi bora hukificha, yaani njia iliyopitwa. Hardaway mwenyewe alikuwa na jina la utani, Bugs. Charlie Thorson alipomchorea sungura mpya kwa ajili ya Hare-um Scare-um ya 1939, karatasi ya michoro iliandikwa kwamba huyo ni sungura wa Bugs. Tabia aliyoibuni Hardaway iliachwa. Jina lake likabaki, na hadi leo huitwa nalo sungura aliyekamilishwa na wengine.