Itikadi kali na ugaidi katika mpaka wa Ruvuma

Itikadi kali ya kidini ni hali ya mtu au kundi kushikilia kwamba tafsiri yake ya dini ndiyo pekee ya haki, na kwamba asiyeikubali ni adui. Ugaidi huanza pale msimamo huo unaposhika panga, bunduki au bomu ili kuwatia watu hofu. Hauna dini moja. Kundi la LRA la Joseph Kony lilidai kufuata Amri Kumi za Mungu huku likiteka watoto kaskazini mwa Uganda.

Kwa wakazi wa Msamala, kata iliyomo Manispaa ya Songea, jambo hili haliko mbali. Mwaka 2014 askari polisi waliokuwa doria mjini Songea walijeruhiwa kwa bomu. Mwishoni mwa 2021 wapiganaji waliotoka Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, walishambulia vijiji vya wilaya ya Mecula, mkoa wa Niassa nchini humo, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Na mto huo, kama ajuavyo kila mvuvi na mfanyabiashara wa huko, haujawahi kuwatenganisha watu: ndoa, mahindi na lugha huvuka kila siku.

Cabo Delgado ndiyo inayofundisha zaidi. Kabla ya risasi ya kwanza, vijana fulani wa Mocímboa da Praia walianza kuingia misikitini na viatu, wakiwaambia wazee kwamba Uislamu wao umechakaa. Waliwakataza watu kupeleka watoto shule za serikali, na waliwakopesha vijana wenzao mitaji midogo ya biashara. Masheikh waliliona hilo mapema, wakapeleka malalamiko serikalini, lakini hatua za maana hazikuchukuliwa. Tarehe 5 Oktoba 2017 kundi hilo, ambalo wenyeji huliita Al-Shabaab ingawa si lile la Somalia, lilivamia vituo vya polisi mjini humo. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka mto na kuua wanakijiji wa Kitaya, mkoani Mtwara. Machi 2021 waliushambulia mji wa Palma, jirani na mradi mkubwa wa gesi.

Gesi hiyo haiwezi kuachwa nje ya maelezo. Iligunduliwa mwaka 2010, muda mfupi baada ya rubi kupatikana Montepuez, katika mkoa ulio miongoni mwa maskini zaidi nchini Msumbiji. Mwanzoni mwa 2017 wachimbaji wadogo, wakiwamo Watanzania, walifukuzwa Montepuez kwa nguvu. Kijana aliyepoteza shimo lake na kuona utajiri ukizungushiwa uzio hahitaji aya nyingi ili ashawishike.

Utafiti unaunga mkono hoja hiyo. Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa (UNDP) uliwahoji waliowahi kujiunga na makundi ya itikadi kali barani Afrika. Katika ripoti ya 2017, asilimia 71 ya waliojiunga kwa hiari walisema kilichowasukuma hatimaye ni kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Ripoti ya 2023 ilionyesha kwamba robo yao walitaja ajira kuwa sababu kuu. Waliotaja dini walikuwa asilimia 17 tu.

Kwa hiyo mtutu peke yake hautoshi, ingawa una kazi yake. Wanajeshi wa Rwanda na wa Msumbiji waliukomboa mji wa Mocímboa da Praia mwezi Agosti 2021, na mashambulizi yakaendelea vijijini. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, na ni haki itumike. Lakini masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa rumande miaka mingi kwa tuhuma za ugaidi hadi mashtaka yao yalipofutwa mwaka 2021. Kesi ya namna hiyo huwapa washawishi maneno ya kusema vijiweni.

Kinachofaa zaidi ni kuaminiana kati ya raia na dola, na kati ya waumini wenyewe. Desemba 2015, karibu na Mandera nchini Kenya, wapiganaji wa Al-Shabaab ya Somalia walisimamisha basi na kuwataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Kina mama waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi kwa kuwakinga abiria wenzake na akafariki mwezi uliofuata.

Songea haihitaji kusubiri basi la namna hiyo. Mjumbe wa mtaa, imamu, padri na mwalimu wa Msamala ndio watakaokuwa wa kwanza kumwona kijana aliyeacha shule ghafla, akawakana wazazi wake na kutaja safari ya kusini. Wakisema, wasikilizwe siku hiyohiyo. Na kijana huyo akutane na mtu wa kuzungumza naye kabla ya kukutana na pingu.