Ofisi za Pamoja: Maana na Matumizi Yake

Ofisi ya pamoja ni mahali ambapo watu wa kampuni mbalimbali hukodi meza kwa siku au kwa mwezi, wakitumia kwa pamoja intaneti, printa na chumba cha mikutano. Brad Neuberg alianzisha utaratibu huu San Francisco, Marekani, mwaka 2005. Jijini Nairobi, iHub, kituo cha wabunifu wa teknolojia, kilifunguliwa mwaka 2010.

Mfanyabiashara aliye safarini hupata pa kuandaa ankara na kukutana na wakala wa forodha bila kulipia ofisi nzima. Kabla ya kulipa, uliza kama anwani hiyo inaruhusiwa kusajili biashara, na nani hupokea barua. Usiache hati za mzigo kwenye printa: mshindani aliyeketi meza ya pili ataona bei na majina ya wateja wako.