Vakansi ya 1958: wanafunzi wa Marekani waliokuja Afrika kufyatua matofali

Mwaka 1958, shule zilipofungwa kwa likizo kubwa, wanafunzi wapatao 60 wa vyuo vya Marekani walivuka bahari kuja Afrika. Walikuwa weupe kwa weusi, wavulana kwa wasichana. Hawakuja kutazama wanyama wala kuhubiri. Walikuja kuchanganya simenti, kubeba maji na kupanga matofali katika vijiji vya nchi tano: Ghana, Nigeria, Liberia, Sierra Leone na Kameruni. Wakitoka hapo, walirudi darasani kwao.

Shughuli hiyo iliitwa Operation Crossroads Africa. Kwa Kiswahili tungesema ni Afrika kwenye njia panda.

Ndugu msomaji, naandika habari hii kwa sababu huku kwetu mashariki mwa Kongo tumezoea kuona vijana wa kigeni wakishuka kwenye magari wakiwa na gilet zenye nembo, mpaka tunadhani jambo hilo limekuwepo tangu zamani. Lina mwanzo wake. Na aliyelianzisha kwa wanafunzi wa Marekani hakuwa tajiri wala mtu wa serikali. Alikuwa mchungaji mweusi wa mtaa wa maskini.

Jina lake James Robinson. Alizaliwa mwaka 1907 huko Knoxville, jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani, katika mtaa wa watu weusi uliokuwa bondeni, ambako shida ilikuwa ni mkate wa kila siku. Alisoma kwa taabu, akichelewa sana kuliko wenzake. Mwaka 1935 alimaliza katika Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania. Chuo hicho ni kile kile alichosoma Nnamdi Azikiwe wa Nigeria kabla yake, na ambacho Kwame Nkrumah aliingia mwaka huo huo wa 1935. Kwa hiyo kabla Robinson hajakanyaga Afrika, Afrika ilikuwa imeshapita kwenye madarasa yake. Mwaka 1938 akawa mchungaji wa Presbiteri huko Harlem, New York, akaanzisha kanisa na pembeni yake kituo cha kusaidia vijana wa mtaa. (Wasomaji wa Kasai wanawajua Wapresbiteri weusi wa Marekani tangu enzi za William Sheppard wa Luebo, yule aliyetangaza ulimwenguni maovu ya mpira mwekundu na kushitakiwa kwa sababu hiyo, kisha akashinda kesi mwaka 1909.)

Jambo la kwanza la kushika ni hili: Robinson hakuanzia Afrika. Alianzia kwao. Watoto wa Harlem walikuwa wakiungua na joto kwenye majengo yaliyobanana, wasijue mti wala mto. Akapata ardhi katika jimbo la New Hampshire, kaskazini, akataka pajengwe kambi ya likizo. Waliokwenda kuijenga ni wanafunzi wa vyuo, wengi wao wazungu wa familia nzuri ambao hawakuwahi kula meza moja na mtu mweusi. Walishika nyundo, wakalala pamoja, wakabishana, wakazoeana. Robinson akaona jambo ambalo hotuba zake zote hazikuweza kulifanya likifanywa na msumari na ubao. Watu wawili wanaobeba gogo moja hawana nafasi ya kuogopana, maana mmoja akiliachia, linamwangukia mwenzake.

Katika miaka ya 50 alisafiri sehemu nyingi za dunia na kufika Afrika. Aliporudi alizunguka vyuoni akiwaambia wanafunzi kwamba bara hilo linaamka, na Marekani imelala. Mwaka 1957 alizungumza katika Chuo cha Occidental, Los Angeles, na wazo la kwenda lilipata miguu hapo. Serikali haikulipa. Fedha zilitafutwa kwa makanisa na kwa watu binafsi, na kila mwanafunzi alitakiwa kuchangia sehemu ya safari yake, yaani kwenda kuomba kwa jamaa, kwa parokia, kwa majirani. Hapo napo kuna akili: kijana aliyechangiwa na mtaa wake, akirudi lazima aueleze mtaa alichokiona.

Sasa tuingie kijijini. Likizo ya Marekani inaanguka mwezi wa sita mpaka wa nane. Kwao ni jua. Lakini Sierra Leone na Liberia wakati huo ndipo mvua inapopiga kuliko miezi yote. Aliyewahi kufyatua matofali ya udongo anaelewa maana yake: unayaanika asubuhi, mchana yamekuwa uji. Kwa mafundi wa kwetu kazi kama hiyo ingengoja kiangazi. Wanafunzi hawakuweza kungoja, kwa kuwa kalenda yao iliandikwa kwingine. Mimi nauona huo kama udhaifu wa kwanza wa safari za namna hii, na haujatibika hadi leo: saa ya msaada hupangwa na anayekuja, si na anayepokea.

Lakini mengine yalipangwa vizuri. Kazi ilikuwa ile ambayo wenyeji walikuwa wameitaka: shule, kituo cha afya, ukumbi, barabara ya kuingia kijijini. Na wageni hawakufanya peke yao. Kando ya Mmarekani alisimama mwanafunzi wa nchi ile ile, naye ameacha nyumbani kwao kwa ajili ya kazi hiyo. Walikula chungu kimoja na kulala kwenye majengo ya shule. Usiku walizungumza. Na hapo mwanafunzi wa Kiafrika alikuwa na swali moja ambalo Mmarekani hakuweza kulikimbia: Little Rock.

Kwa vijana wa leo nieleze. Mwezi wa tisa mwaka 1957, katika mji wa Little Rock, jimbo la Arkansas, watoto tisa weusi walizuiwa kuingia shule ya sekondari ya wazungu, mpaka rais Eisenhower akatuma wanajeshi wawasindikize darasani. Picha za umati ukimtukana msichana mweusi aliyebeba vitabu vyake zilizunguka dunia nzima. Miezi tisa baadaye, wanafunzi hawa wa Robinson wako Nigeria wanakula pamoja, mweusi na mweupe, na kila mtu kijijini anawatazama. Katika miji mingi ya kusini mwa nchi yao, kikundi hicho hicho kisingeruhusiwa kuketi kwenye kaunta moja kunywa kahawa. Ule mgomo maarufu wa wanafunzi weusi kukaa kwenye kaunta za wazungu ulianza mwezi wa pili mwaka 1960, baada yao.

Basi nani alikuwa akimhudumia nani? Hilo ndilo linalonivuta katika historia hii. Kijiji kilipata kuta. Wamarekani walipata mahali pa kuishi kama watu, nchi yao wenyewe ikiwa bado inawanyima mahali hapo. Wenyeji ndio waliowapa. Mwanafunzi mweusi kutoka Georgia au Alabama aliona kwa mara ya kwanza nchi ambayo polisi, mwalimu, hakimu na waziri mkuu wote wana rangi yake, kwa sababu Ghana ilikuwa huru tangu tarehe 6 mwezi wa tatu 1957. Huwezi kuweka thamani ya jambo hilo kwenye ripoti ya mradi.

Na sisi? Kongo haikuwa kwenye orodha ya nchi zile tano. Ilikuwa bado mikononi mwa Wabelgiji, na katika vakansi hiyo hiyo ya 1958 watu wetu walikuwa kwenye safari nyingine ya nje. Brussels ilikuwa na maonyesho makubwa ya dunia. Ndani yake wakoloni walijenga kijiji cha Kikongo chenye uzio wa mianzi, wakaweka humo mafundi wa Kikongo na familia zao ili wageni wawatazame wakifanya kazi. Watazamaji wengine waliwarushia sarafu na ndizi juu ya uzio. Wakongo walichoka kudharauliwa, na mwezi wa saba wakaondoka wakarudi nyumbani. Weka picha hizo mbili pamoja: Accra, mwanafunzi mzungu amebeba karai la mchanga kichwani na mwenyeji anamcheka kwa upendo, Brussels, fundi wa Kikongo anachonga mti huku mtu anamtupia ndizi. Ni mwaka mmoja, ni miezi ile ile.

Tulikuwa pia na sababu yetu ya kuliogopa neno kujitolea. Kwa babu zetu, kazi isiyo na malipo ilikuwa na jina moja tu: lazima. Sheria ya mwaka 1917 iliwapa wanakijiji siku 60 kwa mwaka za kulima mazao waliyoamriwa, na wakati wa vita vya pili vya dunia zikaongezwa hadi 120. Anayekataa anajua fimbo. Baada ya uhuru, katika miaka ya 70, Mobutu akaleta salongo, kazi ya pamoja ya kufagia na kukwatua, nayo ikageuka haraka kuwa agizo lenye mtu wa kuandika majina. Kwa hiyo mzee wa hapa akimwona kijana wa chuo kikuu anashika koleo bila kulipwa wala kulazimishwa, anajiuliza nani aliyemtuma. Ni swali la haki. Tena wasomi wetu wa mwanzo walikuwa wachache mno. Siku ya uhuru, tarehe 30 mwezi wa sita 1960, Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika hata 30. Ungempelekaje mmoja wao akafyatue matofali? Masomo yalikuwa ndiyo njia ya kuiepuka kazi ya mikono.

Huko Marekani jambo liliendelea haraka. Mwezi wa kumi mwaka 1960, usiku wa manane, mgombea urais John Kennedy aliwauliza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan ni wangapi wako tayari kwenda kutumika nchi za nje. Tarehe 1 mwezi wa tatu 1961, akiwa rais, alitia saini kuanzisha Peace Corps, na mwezi wa nane kundi la kwanza la walimu likatua Accra. Mwaka uliofuata aliwapokea vijana wa Robinson kwenye bustani ya ikulu na kuwatambua kuwa ndio waliotangulia, na Peace Corps ikawa imezaliwa kutokana na juhudi yao. Tofauti ni kwamba hawa wapya walikaa miaka miwili, si wiki chache, na nyuma yao kulikuwa na serikali yenye ushindani wake na Moscow. Siwezi kuwalaumu waliowashuku.

Lawama kali kuliko zote ilitoka kwa padri. Mwezi wa nne mwaka 1968 Ivan Illich, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akiishi Mexico, alisimama mbele ya wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kwenda Mexico kutumika wakati wa likizo, akawaambia wasiende. Hamjui lugha, alisema kwa maana hiyo, hivyo hamwezi hata kujua mnapowachukiza watu. Mkitaka kusaidia maskini, wapo wa kwenu, wanaoweza kuwajibu kwa lugha yenu na kuwafukuza. Njooni Mexico kutembea, kupanda milima, kujifunza, msije kusaidia.

Nimeyasoma maneno ya Illich na najikuta nakubaliana naye zaidi ya nusu. Mahali ninapomwacha ni hapa: alizungumza kama vile mwenyeji hana mkono katika jambo hilo. Katika mpango wa Robinson kulikuwa na yule mwanafunzi wa Kiafrika kando ya Mmarekani, aliyejua lugha, aliyeweza kusema tofali hili limekaa upande, bomoa. Ukimwondoa huyo, Illich ana haki yote. Ukimwacha, kuna kitu kinabaki. Ndiyo maana kila ninaposikia mradi wa vijana kutoka nje unakuja eneo letu, swali langu la kwanza kama mwandishi wa redio haliko kwenye bajeti. Nauliza vijana wa hapa wanaofanya nao kazi ni nani, na kama kuna anayeweza kumwambia mgeni hapana.

Zaire nayo ilipokea Peace Corps kuanzia mwaka 1970. Walifundisha katika sekondari zetu, na Kasai walichimba mabwawa ya samaki pamoja na wakulima. Tilapia ni kazi ya jembe, na mkulima ndiye aliyechimba sehemu kubwa. Mwezi wa tisa mwaka 1991 wanajeshi wa Kinshasa walipoanza uporaji, wote waliondolewa. Bwawa halikupanda ndege nao. Lilibaki na aliyelichimba.

Robinson alifariki mwaka 1972. Wakanada waliokuwa wakisafiri chini ya Crossroads walikuwa wameshajitenga na kuunda shirika lao. Hao walichukua hatua ambayo Wamarekani hawakuianza nayo: walianza kuwaalika vijana wa Afrika na wa mabara mengine kwenda Kanada nao kujitolea huko, kukaa kwenye nyumba za Wakanada na kufanya kazi kwenye miradi ya vijiji na miji yao, chini ya mvua yao na theluji yao.