Data Ilifika Salama, Benki Ikasimama

Jumapili jioni, tarehe 22 Aprili 2018, benki ya TSB ya Uingereza iliwasha mfumo wake mpya wa kompyuta. Wikiendi ile rekodi za wateja milioni 5.2 zilikuwa zimehamishwa. Haikuchukua muda, malalamiko yakaanza: watu hawaingii kwenye akaunti zao, malipo hayapiti, na wengine wanaoneshwa akaunti zisizo zao. Benki haikurudi katika hali ya kawaida hadi Desemba.

Ilifikaje huko? TSB ilitenganishwa na benki ya Lloyds mwaka 2013, kisha mwaka 2015 ikanunuliwa na Sabadell ya Hispania. Miaka yote hiyo iliendelea kutumia kompyuta za Lloyds na kuzilipia, kama mpangaji. Wamiliki wapya wakataka ihamie kwenye mfumo wao. Awali uhamisho ulipangwa Novemba 2017, ukaahirishwa.

Sasa, jambo la kushangaza ni hili: wasimamizi wa fedha wa Uingereza walieleza baadaye kwamba data yenyewe ilihama vizuri. Kilichoanguka ni mfumo ulioipokea.

Ni kama kuhama nyumba. Vyombo vyote vimefika, hakuna hata sahani iliyovunjika. Lakini asubuhi wapangaji wote wakifungua bomba kwa pamoja, maji hayatoki. Kuhesabu vyombo hakukuambii lolote kuhusu maji.

Ndiyo maana wanaohamisha seva na hifadhi za data hupima zaidi ya idadi ya rekodi. Hupima maombi mangapi yanahudumiwa kwa sekunde, diski zinasoma na kuandika mara ngapi kwa sekunde, mtumiaji anasubiri jibu muda gani, na maombi mangapi yanashindikana. Vipimo hivyo huchukuliwa kwanza kwenye mfumo wa zamani, maana bila hapo pa kuanzia huwezi kujua kama mpya ni bora au ni mbovu.

Halafu kuna mtego wa wastani. Chukua maombi 100: 99 yamejibiwa kwa sekunde 0.1, moja kwa sekunde 10. Wastani ni kama sekunde 0.2, namba nzuri tu, lakini kuna mtu amekaa sekunde 10 akitazama skrini. Mwaka 2013 Jeffrey Dean na Luiz André Barroso wa Google walionesha jinsi tatizo hilo linavyokua: kama ombi moja linahitaji majibu ya seva 100, na kila seva huchelewa mara moja tu katika 100, basi watumiaji 63 kati ya 100 watacheleweshwa. Kwa hiyo angalia wale wanaosubiri zaidi, usitosheke na wastani.

Tukirudi TSB, uchunguzi wa kampuni ya mawakili Slaughter and May, uliochapishwa Novemba 2019, ulibaini kosa ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelielewa. Mfumo ulitegemea vituo viwili vya data vinavyofanya kazi kwa pamoja. Majaribio ya kuhimili mzigo yalifanyika kwenye kimoja tu. Yaani namba za kituo kimoja zilibeba imani ya mfumo mzima.

Gharama yake? Desemba 2022 TSB ilitozwa faini ya pauni milioni 48.65, nje ya fidia ya pauni milioni 32.7 kwa wateja.

Kipimo kina kazi pale tu kinapoweza kumfanya mkubwa aseme, "Jamani, tuahirishe." Ukipima sehemu ambayo tayari unajua itafaulu, hujapima kitu. Na siku ya kuwasha mtambo, wateja wako ndio watakaokupimia.