Pikapu ya gita la umeme: kipande kidogo kinachobeba sauti na bei

Ukimtajia mtu wa Mombasa neno pikapu, fikra zake zitakwenda moja kwa moja kwenye lile gari la kubebea saruji na magunia ya viazi. Leo sizungumzii gari. Nazungumzia kile kipande cha sumaku na waya kinachofungwa chini ya nyuzi za gita la umeme, ambacho wapigaji nao hukiita pikapu. Kwa urefu hakizidi kidole. Lakini ndicho kinachoamua sauti ya gita, na katika soko la magita ya zamani mara nyingi ndicho kinachoamua bei.

Nimeona niliandike hili kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wetu wanaopiga mahotelini na kwenye harusi hununua magita ya mitumba kwa kutazama jina lililoandikwa kichwani, wasitazame kilicho tumboni. Pili, pwani hii imekuwa na bendi za hoteli kwa miaka mingi; Them Mushrooms walioimba Jambo Bwana mwaka 1982 ni mfano tu. Magita ya wazee hao mengine yangali chini ya vitanda na juu ya makabati, na warithi hawajui ni kitu gani walichoachiwa.

Najua wako miongoni mwetu wasioafiki ala za nyuzi kabisa. Hilo lina wenyewe wa kulizungumza. Langu leo ni la sokoni: kujua unachonunua, na kusema kweli juu ya unachouza.

Inavyofanya kazi

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba, mwembamba kama unywele, mara elfu kadhaa. Uzi wa chuma unapotikisika juu yake, unaitikisa nguvu ya sumaku, na ndani ya waya unazaliwa umeme mdogo sana. Umeme huo hupita kwenye kebo hadi kwenye ampu, ukakuzwa, ukatoka kwenye spika kama sauti. Fundi anayezungushia waya upya mota za pampu za maji ataielewa kazi hii mara moja. Ni elimu ileile, ila waya ni mwembamba zaidi.

Kwa hivyo pikapu ya sumaku husikia chuma tu. Udi wetu wa taarab una nyuzi za nailoni, na hata ukiufungia pikapu ya gita hautatoa kitu. Udi huhitaji maikrofoni au kifaa cha aina nyingine kinachohisi mtikisiko wa mbao. Tashkota, ambayo wanataarab wa Mombasa waliipenda sana, ina nyuzi za chuma, ndiyo maana iliweza kuingizwa kwenye umeme bila taabu.

Mahali pikapu ilipofungwa pia pana maana. Karibu na shingo ya gita uzi hutikisika kwa upana, na sauti huwa nzito na laini. Karibu na daraja uzi umebana, na sauti huwa kali, yenye kukata. Gita lenye pikapu mbili au tatu humpa mpigaji nafasi ya kuchagua kwa swichi.

Zilikotoka

Asili ya mambo haya ni Marekani. Mwaka 1931 huko California, George Beauchamp alibuni pikapu ya sumaku, na kwa kushirikiana na Adolph Rickenbacker wakatoa gita lililopewa jina la utani Frying Pan, yaani kikaango, kwa sababu ya umbo lake. Mwaka 1936 kampuni ya Gibson ilitoa ES-150, gita lililojulikana mikononi mwa Charlie Christian, mpigaji wa jazi.

Mwaka 1950 Leo Fender alitoa gita la ubao mtupu lisilo na uwazi ndani, akaliita Broadcaster. Kampuni ya Gretsch ilikuwa tayari inatumia jina la aina hiyo kwa ngoma zake, basi Fender akalazimika kuliacha, na mwaka 1951 gita likawa Telecaster. Katikati hapo yalitoka magita ambayo jina la zamani limekatwa kwenye kibandiko na jipya halijawekwa. Wakusanyaji huyaita Nocaster, maana yake yasiyo na jina, na huyagombania kwelikweli. Mwaka 1952 Gibson wakatoa Les Paul, na mwaka 1954 Fender wakatoa Stratocaster yenye pikapu tatu.

Pikapu za wakati ule zilikuwa na koili moja. Sauti yake ni safi na yenye kung'aa, lakini ina dosari: koili hudaka pia umeme wa taa na transfoma zilizo karibu, na spika ikanguruma. Mwaka 1955 Seth Lover, fundi wa Gibson, alipata dawa. Aliweka koili mbili ubavu kwa ubavu, akageuza mzunguko wa waya wa mojawapo na kugeuza sumaku yake. Mngurumo unaoingia kwenye koili hii unafutwa na ule wa koili ya pili, lakini sauti ya uzi inajumlishwa. Pikapu hiyo ikaitwa hambaka. Sauti yake ni nene na tulivu. Hadi leo wapenzi wa gita wamegawanyika makundi mawili, wa koili moja na wa hambaka, na ubishi wao hauna tofauti na wa mashabiki wa timu mbili za mji mmoja.

Kibandiko chenye thamani kuliko gita

Lover aliomba hataza mwaka 1955, akaipata mwaka 1959. Katika kungoja huko Gibson waliweka chini ya pikapu kibandiko kidogo cheusi kilichoandikwa Patent Applied For, yaani hataza imeombwa. Herufi tatu za mwanzo, PAF, ndizo zinazowatoa jasho wakusanyaji. Les Paul za rangi ya jua zilizotengenezwa kati ya 1958 na 1960 zilibeba pikapu hizo. Wakati ule hazikununuliwa sana, Gibson wakabadilisha umbo. Baadaye Eric Clapton na wenzake walipozipiga katika miaka ya 1960, dunia ikazirudia kwa pupa. Leo gita moja la namna hiyo, likiwa kamili, huuzwa kwa laki kadhaa za dola, na pikapu moja ya PAF peke yake kwa maelfu ya dola.

Ajabu ni kwamba pikapu hizo hazifanani. Kiwandani walitumia sumaku za madaraja mbalimbali kwa kadiri zilivyopatikana, na idadi ya mizunguko ya waya haikuwa sawasawa. Hata rangi ya plastiki ilibadilika, nyingine nyeusi, nyingine ya maziwa, nyingine nusu kwa nusu kama punda milia. Mbili zilizotoka kiwanda kimoja mwaka mmoja zinaweza kuwa na sauti tofauti kabisa. Anayekuambia PAF zote zina sauti moja hajazisikia mbili.

Na penye pesa nyingi hapakosi ujanja. Kibandiko hughushiwa. Pikapu za asili hung'olewa zikauzwa mbalimbali, na gita likatiwa nyingine za kufanana. Ndipo mkusanyaji hataki kuona jina la gita tu. Hutaka kuona risasi ya kulehemu ambayo haijawahi kuguswa.

Ya asili au ya maarufu

Sheria ya soko ni rahisi: kilichobaki kama kilivyotoka kiwandani ndicho ghali. Kupaka rangi upya kunaweza kushusha bei hata kwa nusu. Fender za kabla ya Januari 1965, kampuni ilipouzwa kwa CBS, huthaminiwa zaidi ya zilizofuata. Lakini sheria hii ina matundu, nami nitataja mawili.

La kwanza ni Les Paul ya 1959 ya Peter Green wa Fleetwood Mac. Katika pikapu yake ya shingoni sumaku imegeuzwa. Pikapu zote mbili zikiwashwa pamoja, sehemu ya sauti zao hufutana, na kinachobaki ni sauti nyembamba yenye huzuni ambayo wapigaji wameiiga miaka nenda miaka rudi. Kwa fundi hiyo ni kasoro, lakini hakuna aliyethubutu kuirekebisha. Gita hilo lilikwenda kwa Gary Moore, na tangu 2014 liko kwa Kirk Hammett wa Metallica.

La pili ni Stratocaster nyeusi ya David Gilmour wa Pink Floyd. Hiyo ilibadilishwa shingo, ikatobolewa, na pikapu yake ya nyuma ikabadilishwa zaidi ya mara moja. Kwa kanuni ya usafi wa asili ilipaswa kuwa bei poa. Mwaka 2019 ilinadiwa New York kwa dola 3,975,000, na fedha zikaenda kwa hisani. Hapo mnunuzi hakulipia mbao wala waya. Alilipia mkono ulioipiga.

Kulinganisha kwa haki

Nimekaa katika mabaraza ya wapiga gita nikasikia watu wakiapa kwamba pikapu fulani ni bora, kumbe iliyoshinda ilikuwa na sauti ya juu zaidi tu. Sikio hudanganyika: kinachosikika kwa nguvu huonekana kizuri. Basi ukitaka kulinganisha, tumia ampu moja, kebo moja, nyuzi za aina moja na umri mmoja, na usawazishe nguvu ya sauti kwanza. Kebo ndefu hupunguza ukali wa sauti. Usilinganishe ya mita tatu na ya mita kumi. Pima pia umbali wa pikapu na nyuzi, kwa sababu kuisogeza kwa bisibisi kidogo tu hubadilisha mengi. Mwisho, msikilizaji ageuke, asione gita gani linapigwa. Majina makubwa mengi hupotea hapo.

Usihadaike na namba za mita pia. Watu husema pikapu yenye omu nyingi ndiyo yenye nguvu. Si lazima. Waya mwembamba zaidi nao huongeza omu, bila ya nguvu kuongezeka kwa kiasi hicho.

Kabla hujalipa

Mita hiyohiyo lakini ina faida yake. Pikapu ya Stratocaster husoma takriban omu 6,000, na hambaka ya mtindo wa zamani kati ya omu 7,000 na 9,000. Isiposoma kitu, waya umekatika ndani. Hapa pwani hilo si jambo la ajabu, maana hewa ya chumvi hula kila kitu: nyuzi, skrubu, hata ule waya mwembamba. Pikapu iliyokufa inaweza kuzungushiwa waya upya na ikapiga vizuri, lakini kwa mkusanyaji imeshapoteza sehemu ya thamani, na muuzaji anapaswa kulitaja hilo.

Fungua kifuniko, utazame vidhibiti vya sauti. Vingi vya Marekani vina namba mgongoni. Kikiandikwa 1376412, tarakimu 137 ni za kampuni ya CTS, 64 ni mwaka 1964, na 12 ni wiki ya kumi na mbili. Gita haliwezi kuwa kubwa kwa umri kuliko kidhibiti chake, ila kama kimebadilishwa. Muuzaji akisema ni la 1962 na namba ni hiyo, muulize, na risasi za kulehemu zitazame mara mbili.

Usiyadharau ya Japani pia. Kama ilivyo kwa magari, mafundi wa kule walitengeneza magita mazuri katika miaka ya 1970 na 1980, ya Tokai, Greco na Ibanez, na Fender wenyewe walianza kutengenezesha huko mwaka 1982. Kwa mpigaji wa kazi, hilo laweza kuwa nafuu na la kuaminika kuliko la Marekani lililoungwaungwa.

Ukinunua na ampu kutoka Marekani, kumbuka ya huko hutumia volti 120. Ukiichomeka kwenye ukuta wetu wa volti 240 bila transfoma, utainunua mara mbili.

Mbao nazo zina sheria yake. Mti wa rosewood wa Brazil, uliotumika kwenye shingo za Fender nyingi za zamani, umezuiliwa vikali na mkataba wa CITES tangu 1992. Mwaka 2017 jamii yote ya Dalbergia iliwekewa masharti, na mpingo wetu umo katika jamii hiyo. Ala zilizokwisha kutengenezwa zililegezewa mwishoni mwa 2019, lakini ule wa Brazil bado uko kwenye kizuizi kikali. Ukitaka kuuza nje gita lenye mbao hizo, tafuta karatasi kwanza.

Kwa waliorithi gita la mzee, ombi langu ni hili. Msilipake rangi. Msiling'oe pikapu kwa sababu hailii; mpelekeeni fundi aipime, na kila kinachotolewa kitiwe kwenye mfuko na kihifadhiwe pamoja na gita, hata skrubu. Andikeni mzee alilipata wapi na alipiga na bendi gani, maana karatasi hiyo nayo ni mali. Na mkiamua kuliuza, mwambieni mnunuzi kilicho cha asili na kilichobadilishwa. Aibu ya bidhaa iliyotajwa hupunguza bei kidogo. Iliyofichwa humaliza jina la muuzaji, na mji wetu ni mdogo.